Salamu za Kadi Ndogo

Virginia Kavenya alikuwa Mkamba kwa wazazi, ila ulimi wake ulikuwa wa pwani. Baba yake alipata shamba kwenye skimu ya Shimba Hills kabla yeye hajazaliwa, na akina mama wa Kidigo waliokuwa majirani ndio waliomfunza kusema na watu. Walimfunza kwamba hubishi hodi ukaomba chumvi. Unaanza kwa kumuuliza mwenye nyumba hali yake, kisha mumewe, kisha watoto, kisha mamake aliye mbali, na kuku pia kama una nafasi, ndipo chumvi inapotajwa. Kule hotelini Diani, alikopiga pasi mashuka kwa miaka mingi, vijana waliotoka bara walimfanyia mzaha. "Mama Duncan, ukimaliza kusalimia utuamshe," walimwambia, naye akawajibu kwamba wao walizaliwa wakikimbia.

Walimfunza na jambo jingine. Ukiulizwa habari, unajibu njema. Hata kama paa limeezuliwa na upepo jana, habari ni njema. Baya linakuja baadaye, polepole, likitanguliwa na "ila", mwenzako akiwa amekwisha kukaa kitako. Huo si uongo, na ukiuita uongo watu wa huko watakushangaa. Ni huruma tu: humpigi mtu na habari mbaya angali mlangoni. Virginia aliishi hivyo na hakuona hasara yake hata siku moja, mpaka mwaka ule wa elfu mbili na moja.

Mumewe, Absalom Munee, hakuwa na subira ya namna hiyo. Alikuwa mtunza bustani wa hoteli, mtu wa mikono mizuri na mdomo mbaya. Alichokipenda duniani kilikuwa shamba lao la michungwa, na alitaka mwanawe wa pekee alirithi angali kijana, alipalilie, alijue mti kwa mti. Duncan hakutaka. Alikwenda Naivasha kufanya kazi kwenye shamba la maua la watu wengine, na hilo ndilo lililomuuma Absalom kuliko yote. Asubuhi ya safari, mbele ya mama mtu, alimwambia: "Nenda. Lakini siku yangu ikifika, usinizike wewe."

Neno kama hilo halifutiki kwa kusahau. Duncan alikuwa akimwandikia mamake, akatuma na vizawadi, na baba alivipokea bila kuuliza vimetoka wapi. Usiseme hakumpenda. Alimpenda kupita kiasi, ila kiburi kilimkaa kooni, na kila mmoja akangoja mwenzake aanze.

Baada ya masika miguu ya Absalom ilianza kuvimba. Ilivimba mpaka viatu vikamkataa, akalazwa Msambweni, na daktari akamweleza Virginia kwa upole kwamba moyo wa mzee umechoka, na kama kuna wa kuitwa, waitwe. Absalom alikuwa amesikia yote, maana masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

"Mwite Duncan," alisema. "Nataka kulitoa lile neno, lisimfuate."

"Nitamwandikia leo hii."

"Usiandike. Neno kama lile halitolewi kwa barua. Aje nimtemee mate viganjani, kama baba yangu alivyonitemea mimi siku anakufa. Bila hivyo nitakuwa nimemwachia mtoto wangu mzigo mbaya. Nakuomba, mama Duncan." Katika ndoa yao yote Virginia hakuwa amemsikia akitumia neno hilo, nakuomba, na lilimtisha kuliko ile miguu.

Simu alikuwa nayo. Ilikuwa ya Mathew, mhudumu wa baa pale hotelini, aliyeinunua ili watu waione kiunoni mwake, kisha watalii wakapungua na marupurupu yakapungua nao, akaona kifaa kinakula kuliko mke. Akamwachia Virginia kwa bei ya kutupa. Virginia aliifunga kwenye leso na kuiweka sandukuni, kwa sababu ilikuwa haina kitu ndani. Sasa aliitoa, akaenda nayo Kona ya Musa, kwenye duka la kijana mmoja Mgiriama aitwaye Kalama, aliyeuza kadi za simu pamoja na betri za redio na viberiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Biashara yaendaje? Nyumbani wazima?"

"Wazima, mama, alhamdulillahi." Kalama hakuwa Mwislamu, ila duka lilikuwa Ukunda, penye wateja wengi Waislamu. Aliipokea simu, akaipindua, akaisifu. Kisha akaweka kadi mbili juu ya kaunta. "Ziko hizi. Hii kubwa ina maneno mengi, na inakaa miezi kabla haijaoza. Hii ndogo ina maneno machache, na mwezi ukiisha imeoza, uwe umepiga au hukupiga."

"Inaoza? Imekuwa samaki?"

"Ndivyo walivyoipanga wenyewe, mama. Sasa nikuulize, wewe unapiga simu mara ngapi?"

Virginia alicheka. "Mimi nimpigie nani? Nina mtu mmoja tu, na jambo moja tu la kumwambia. Nikishamwambia nitairudisha sandukuni."

"Basi usijitie hasara. Kubwa ni ya wafanyabiashara. Mtu asiyepiga mara kwa mara, hii ndogo yamtosha kabisa."

Ulikuwa ushauri mwema, na hata leo ukimuuliza mtu mwenye akili atakupa huohuo. Kalama aliuliza unapiga mara ngapi. La kuuliza lilikuwa unasalimia kwa muda gani, lakini hilo nani angeliwaza? Akaikwangua kadi, akaziingiza namba zake, akapiga namba ya ofisi ya shamba la maua iliyokuwa kwenye barua ya Duncan, na simu ilipoanza kulia akampa. Virginia alishukuru, akatoka nayo hadi nyuma ya duka, penye makreti matupu ya soda. Maneno ya mgonjwa hayasemwi mbele ya wanunuzi wa viberiti.

"Haloo, sema," sauti ya mwanamume ikasema upande wa pili. Alikuwa karani.

"Haloo, baba. Hujambo?"

"Poa. Unataka nani?"

"Habari za huko? Kazi zaendaje? Mna mvua?"

"Iko, mama. Unataka nani?"

Virginia aliona kijana hakulelewa vizuri, lakini akamtajia Duncan Munee, akamwombea heri, akaambiwa angoje. Alingoja. Alisikia mlango, akasikia jina la mwanawe likiitwa kwa mbali, huko nje kwenye maua. Aliishika simu kwa mikono yote miwili ili isianguke. Hakujua kwamba kungoja nako kunakula kadi.

"Mama? Ni wewe? Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu! Marahaba! Hujambo?"

"Sijambo, mama. Habari za huko?"

"Njema, baba. Wewe u mzima? Wala vizuri? Hiyo baridi hujaizoea bado?"

"Nimeizoea. Nyumbani wote wazima?"

"Wazima, twashukuru Mungu."

Kisha Duncan akapunguza sauti, kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu. "Baba hajambo?"

"Hajambo, mwanangu," Virginia akasema. "Ila..."

Kadi ikaisha hapo. Simu ilitoa mlio mdogo mara mbili, ikanyamaza, na Virginia, aliyekuwa anaitumia kwa mara ya kwanza, alidhani ndivyo zinavyolia. Aliendelea. Alimweleza mwanawe habari za miguu na za moyo uliochoka. Alimwambia baba yake anataka kulitoa lile neno kwa mdomo wake, na kwamba amesema nakuomba. Alimwambia apande basi kesho, asingoje ruhusa ya mtu. Alilia kidogo, akamshukuru Mungu kwamba kijana anasikiliza kimya bila kumkatiza mzazi. Mwisho alimuaga, akasema yote mara ya pili kwa ufupi, akaifunga simu kwenye leso.

Jioni hiyo Kivuva, mdogo wake Absalom, alikuwa amekuja kumwona mgonjwa. Ndiye aliyeuliza.

"Umempata?"

"Nimempata. Nimemweleza yote."

"Amesemaje?"

"Amenyamaza," alisema Virginia. "Ilimwingia sana."

Absalom alitabasamu. Alisema kijana atafika keshokutwa, barabara ikiwa nzuri, na akataka anyolewe ndevu. Virginia alimnyoa mwenyewe. Wakati huo walikuwa na furaha, ni lazima isemwe, furaha ya watu wazima wawili waliokwisha kusameheana na kumsamehe mtoto.

Keshokutwa ikapita, na siku nyingine nyuma yake. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa Absalom aligeuza shingo, na alipochoka kugeuza shingo akawa anageuza macho tu. "Alinyamaza?" alimuuliza mkewe.

"Alinyamaza."

"Kabisa?"

"Kabisa." Na neno lilelile, ambalo jioni ile lilikuwa na maana ya huzuni na adabu, lilianza kuwa chungu mdomoni mwake. Kivuva hakumsaidia. Alisema mtu akiambiwa baba yake anakufa, akanyamaza, amejibu. Virginia angeweza kurudi kwa Kalama kununua kadi nyingine. Alilifikiria. Lakini alikuwa amesema kwa heshima, amelia, amerudia, na alijiambia kwamba hatambembeleza mtoto wake aje kumwona baba yake. Kiburi hakikuwa cha Absalom peke yake katika nyumba ile.

Asubuhi ya Jumapili, Absalom alimwita karibu. Sauti ilikuwa imekwisha kuwa nyembamba.

"Hatanikuta. Lete mikono."

Alivishika viganja vya mkewe, akavitemea mate yale machache aliyokuwa nayo, akavifumba. "Nimelitoa lile neno. Nimembariki, yeye na atakaowazaa na watakaozaliwa nao. Akija, mpe. Mshike mikono umpe."

"Nitampa," alisema Virginia.

Alitoka nje ya wodi akiwa amefumba ngumi. Karibu na ukuta palikuwa na bomba la maji, na kipande cha sabuni kilichosahauliwa na mtu aliyekuwa anafua. Alisimama pale. Alimfikiria Duncan, akamwona kwenye maua yake, mzima, ameshiba, amenyamaza. Hasira ikampanda. Kama anazitaka baraka, alisema moyoni, angekuja kuzichukua. Akafungua bomba, akanawa kwa sabuni, kiganja na kidole, akajifuta kwenye leso.

Absalom alifariki siku ya pili yake, macho yakiwa mlangoni. Walimzika shambani, kati ya michungwa, na Kivuva ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Hakuna aliyempelekea Duncan habari. Kivuva alikataza, akisema aliyekataa mgonjwa haitwi kaburini, na Virginia hakubisha; barua za Duncan zilizofika baadaye alizitia sandukuni bila kuzifungua.

Duncan alikuja wiki ya Krismasi. Virginia alikuwa uani akichambua mchele, akamwona anapanda njia ya shambani kwa upande usioonyesha kaburi, jasho tupu, na begani amebeba bomba jipya la kunyunyizia dawa miti, lile la kuvaa mgongoni. Alikuwa anacheka kutoka mbali.

"Shikamoo, mama!"

Virginia hakuitikia. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuacha shikamoo ya mtu ianguke chini.

"Hamjambo hapa? Baba yuko wapi? Nimemletea hili. Akinifukuza, anifukuze, lakini bomba atalipokea."

Alimtazama usoni akitafuta unafiki. Alitafuta sana, maana alikuwa anauhitaji, na hakuuona.

"Duncan. Mimi sikukupigia simu nikakwambia?"

"Ulinipigia, mama. Nilifurahi, hujui tu. Kutwa nzima nilikuwa nawaambia wenzangu, mamangu amenipigia kunisalimia tu, bila shida yoyote. Na nilipokuuliza baba, ukaniambia hajambo, ndipo nikapata moyo wa kuja."

"Na yale mengine?"

"Mengine yapi? Si ilikatika? Hapohapo, tulipomtaja baba."

Ungo ulimtoka, mchele ukamwagika mchangani. Yote aliyoyasema nyuma ya duka, na machozi yake, alikuwa ameyaambia makreti ya soda. Alijiona jinsi alivyokaa kando ya kitanda akisema alinyamaza, alinyamaza, akimlisha mumewe sumu kwa kijiko, siku baada ya siku.

Hakumtafutia pa kukaa. Hakumtangulizia kitu.

"Baba yako amekufa," alisema. "Tumemzika. Alikungoja mpaka akachoka."

Duncan alisimama vilevile, bomba begani, na ile furaha ya uso ikachelewa kuondoka, kama haikuwa imeambiwa. Kisha akauliza kwa sauti ya mtoto mdogo, "Amekufa na lile neno lake?"

"Hapana. Alilitoa."

"Alilitoa?"

"Alilitoa, na akakubariki. Alinitemea mate mikononi humu, akasema ukija nikushike nikupe."

Duncan alilishusha bomba chini. Alijifuta viganja kwenye suruali, akamsogelea, akamnyooshea mikono yote miwili, akangoja. Virginia aliificha yake ndani ya leso.

"Nilinawa, mwanangu," alisema.