Midomo Myekundu ya Baba Mdogo

Kwa nini midomo ya marehemu ilikuwa myekundu kuliko yetu sisi tuliokuwa tukimlilia? Nilimuuliza baba swali hilo siku ile ile ya mazishi, baadaye nikamuuliza na dresa wa zahanati, nikajiuliza mwenyewe. Sikupata jibu. Wengine pale nyumbani hawakuuliza, maana jibu walikuwa nalo tayari.

Marehemu alikuwa baba yangu mdogo, aliyemfuata baba kwa kuzaliwa. Alikuwa bado kijana, kifua kipana, na hakuwa mgonjwa. Jioni aliondoka nyumbani kwenda zamu yake kwenye shamba la tumbaku upande wa Urambo, anatembea huku anapiga mluzi. Asubuhi alirudishwa kwa lori la shamba, amefunikwa turubai.

Mimi nilikuwa likizo. Nilikuwa nasoma chuo kikuu kule Kampala, na likizo ndefu iliangukia masika, wakati tumbaku inavunwa na kukaushwa. Nilikuja kwa meli hadi Mwanza, kwa treni hadi Tabora, kisha nikapanda ile ya Kigoma nikashuka Usoke. Kijijini waliniita Msomi. Baba alilitamka jina hilo kwa fahari. Dada yake, shangazi yangu, alilitamka kama mtu anayetema kipande cha mwiba.

Nyapara wa shamba ndiye aliyeleta maiti. Alisimama uani, kofia mkononi, akasema maneno yake kwa mfululizo kama aliyekuwa akiyakariri njia nzima.

"Tumemkuta nje, kwenye kibanda cha kuni. Amelala, amekunja mikono. Tulidhani usingizi. Kazi ya Mungu."

Mke wa marehemu, ambaye nilimwita Mama Mdogo, alifunua turubai. Kabla hajalia alisema, "Hili shati si lake."

Ni kweli, halikuwa lake. Lilikuwa safi, jeupe, na mikono yake ilikuwa mifupi mno kwake. Nyapara akasema lile la kwanza lilikuwa limelowa mvua, wakamvika jingine kwa heshima. Nilimtazama usoni, naye akatazama kofia yake. Shangazi hakumtazama nyapara hata kidogo. Alikuwa anamtazama Mama Mdogo, na baadaye aliwaambia watu wote waliokuja msibani: "Mume amelala mbele yake, yeye anakagua shati. Ndipo akalia."

Dresa alikuja kwa baiskeli, akamfungua vifungo, akamgusa kifuani, akasema moyo umesimama.

"Kila aliyekufa moyo wake umesimama," nikamwambia. "Huu umesimama kwa nini?"

"Binti, mimi nina dawa ya vidonda na dawa ya malaria," akajibu. "Hayo mengine kawaulize waliokusomesha."

Tulipopita kumuaga ndipo nilipoona. Watu wetu ni weusi, na kifo huwafanya wa rangi ya jivu. Yeye hakuwa hivyo. Midomo yake ilikuwa na rangi ya damu mbichi. Kucha zake, viganja vyake, vyote vilikuwa vyekundu kama vya mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa. Shangazi aliuinua ule mkono juu, kila mtu auone.

"Maiti gani ana damu? Semeni! Huyu hakufa. Huyu amechukuliwa."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kuchukuliwa ni kufanywa msukule: mtu anaonekana amekufa, jamaa wanalia na kuzika, kumbe walichozika ni gogo tu, mwenyewe amefichwa mahali, bubu, analima shamba la aliyemchukua. Nilikuwa nimewacheka wenzangu chuoni walioamini mambo hayo. Lakini siku ile, nikiwa nimesimama karibu na ule mkono mwekundu, sikuweza kucheka. Na nilijua kwa nini jambo lile halikuwa gumu kuaminika kwetu. Nyuma ya mashamba yetu ilipita njia ya zamani ya misafara. Babu wa baba alibeba pembe za ndovu kwa njia hiyo hadi pwani akarudi, lakini bibi wa baba alikuwa na kaka aliyepitishwa hapo mtumwa, amefungwa shingoni, akaliliwa, akafanyiwa matanga, na miaka mingi baadaye msafiri akaleta habari kwamba yupo hai, analima minazi ya mtu. Familia yenye habari ya namna hiyo haishangai kusikia mtu amekufa na bado anafanya kazi.

Swali lililobaki kwao lilikuwa nani kamchukua. Mama Mdogo alitoka mbali, upande wa Igunga. Kaka zake walikuwa na pamba nyingi na ng'ombe wengi. "Wanavuna kuliko idadi ya mikono yao," alisema Shangazi. "Ile mikono mingine ya nani?"

Mama Mdogo alikuwa na mtoto mmoja, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Mahari ilikuwa imelipwa yote, kwa hiyo mtoto alikuwa wa upande wetu. Mjane mwenye jina safi angekaa pale pale na kumlea mwanawe. Mjane aliyeuza mume wake angeondoka, na angeondoka peke yake. Baba, akiwa mkubwa wa familia, ndiye angeamua. Nilimwomba asiamue kwanza.

"Unipeleke shambani," nikamwambia. "Nyapara anaficha kitu."

Tulikwenda. Baba alikuwa mzee wa kanisa la Moravian, mtu wa adabu, na alimsalimia nyapara kwa upole, "Mwangaluka." Mimi nikasema shikamoo.

"Marahaba, Msomi. Umekuja kutufundisha kuchoma tumbaku?"

Wanawake waliokuwa wakifunga majani mabichi kwenye fito wakacheka. Niliomba nionyeshwe kibanda cha kuni. Kilikuwa na paa la nyasi lililooza, na chini yake palikuwa matope matupu.

"Alilala hapa?"

"Hapo hapo."

"Kwenye matope?"

"Mtu akichoka halali?"

"Nywele zake zilikuwa kavu," nikasema. "Na zilikuwa na vumbi la majani makavu ya tumbaku. Hapa kuna magogo tu. Majani makavu yako wapi?"

"Hee!" alisema mwanamke mmoja. "Huko chuoni siku hizi wanasoma na nywele za maiti."

Lakini nyapara hakutania tena. Majani makavu yalikuwa mahali pamoja tu, ndani ya bani. Hiyo ni nyumba ndefu ya matofali isiyo na dirisha, ambamo tumbaku huning'inizwa hadi karibu na paa. Nje kuna tanuri la kuni, na mabomba makubwa ya bati huingia ndani na kupita chini chini yakipeleka joto. Moshi hutokea upande wa pili. Wachochea moto wa zamu, kama Baba Mdogo, walikatazwa kulala ndani, lakini usiku wa mvua nani angechagua matope?

Niliizunguka ile bani. Mlango wake ulikuwa mzito, na komeo lake lilikuwa upande wa nje. Niliona pia kwamba pale bomba linapoungana na tanuri palipakwa udongo ambao haujakauka.

"Mbona hapa pamepakwa sasa hivi?"

"Kila mara tunapaka. Moto unakula udongo."

Nikaliacha hilo. Akili yangu yote ilikuwa kwenye komeo. Nilimwambia nyapara mbele ya baba kwamba ndugu yetu alikufa ndani, kwamba walimtoa na kumlaza nje, na kwamba shati lake walilitupa kwa sababu lilijaa vumbi la tumbaku. Nyapara akasema kwa sauti ndogo, akimwambia baba, si mimi: "Mzee wangu, bwana shamba angesema nimewaruhusu kulala ndani. Nina watoto. Tulimkuta ndani, ndiyo. Lakini hana jeraha, hana alama. Nakuapia."

Njiani kurudi nilitembea kwa haraka hata baba akabaki nyuma. Niliamini nimeshika mwisho wa uzi. Mtu mzima, mzima wa afya, amefungiwa ndani ya nyumba kwa komeo la nje. Sasa ilibaki kumtafuta aliyefunga, naye angekuwa mmoja wa watu wa shamba, mwenye ugomvi wake au wivu wake. Msukule ungeisha hapo.

Jioni, watu wakiwa wameketi uani, nililisema lote. Walinisikiliza vizuri kuliko walivyowahi kunisikiliza. Nilipomaliza, Shangazi aliuliza jambo moja tu.

"Na chakula cha jioni alipelekewa na nani?"

Mama Mdogo alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto mapajani. "Mimi," akasema. "Nilimpelekea ugali na uyoga. Alikula ndani ya bani, mvua ilikuwa kubwa. Akaniambia nikitoka nifunge mlango, niweke na komeo. Joto lisipotee. Na nyapara akipita aone pamefungwa, asijue kuna mtu."

"Ukafunga."

"Nikafunga. Kila siku ya mvua nilifunga. Tanuri ameshalijaza magogo ya usiku kucha, asubuhi wenzake wanafungua."

"Na hukusema."

"Mliniuliza? Mlikuwa mnazungumza ng'ombe wa kaka zangu."

Nami nilimtazama kama wengine walivyomtazama. Niliufikiria uyoga. Niliifikiria sauti yake alipolitaja lile shati. Ilinijia kwamba mtu anayesema kweli huisema namna ile, na kwamba mwongo hodari naye huisema namna ile ile.

Baba, mzee wa kanisa, alisema tutakwenda kwa mfumu, yaani mganga anayetazama mambo kwa kuku. "Tunakwenda kusikiliza tu," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye mchungaji wake.

Mfumu alikuwa mtu mnyenyekevu mwenye sauti ya kubembeleza. Kabla ya kumpasua kuku aliuliza maswali. Marehemu alifia mahali pa wazi au mahali pa kufungwa? Shangazi akavuta pumzi. Mlango ulifungwa na mtu wa kuzaliwa nyumbani au mtu wa kuja? Shangazi akalia. Niliona wazi kwamba anasoma nyuso zetu, na kwamba kuku angesema kile tulichokuwa tumekileta sisi wenyewe. Alimpasua, akageuza bawa, akaonyesha alama ambayo ningeweza kuiita jina lolote.

"Mkono wa mwanamke," akasema. "Umetoka mashariki."

"Mwulize kuku wako," nikasema, "kwa nini midomo ilikuwa myekundu."

Baba aliniwekea mkono begani ninyamaze. Lakini mfumu hakukasirika. "Binti yangu, hilo halihitaji kuku. Mwenye damu yu hai. Wewe una jibu jingine?"

Mama Mdogo aliondoka asubuhi iliyofuata. Hakupigwa, hakutukanwa; baba aliwakataza. Mtoto alishikwa na Shangazi ndani ya nyumba, na tulimsikia analia hadi tulipofika barabarani. Mimi ndiye niliyembebea sanduku hadi stesheni ya Usoke. Treni ilipoonekana aligeuka.

"Wewe umesoma. Wewe unaamini nini?"

"Sijui, Mama Mdogo."

"Hujui kama nilimuua?"

"Sijui kilichomuua."

Alichukua sanduku lake mkononi mwangu. "Basi bora kuku," akasema. "Kuku amesema."

Mtoto alilelewa na Shangazi, na aliambiwa kwamba baba yake yuko hai, analima Igunga, kwa sababu mama yake alimuuza. Alikua akiamini hivyo. Nilipoanza kufundisha Tabora, bendera mpya ikiwa tayari imepandishwa, nilimchukua akae kwangu na asome. Nilimwambia kwamba sikubaliani na habari ile. Akaniuliza ninayo nyingine ipi. Nilibaki na udongo mbichi, komeo na uyoga, vitu ambavyo havikuwa habari.

Kipupwe cha mwaka mmoja, majirani zangu wawili, mume na mke, hawakuamka. Walikuwa wameingiza jiko la mkaa chumbani, wakaziba dirisha kwa nguo. Nilikwenda hospitali pamoja na ndugu zao, na binti yule alinifuata. Shuka lilipofunuliwa, niliiona tena ile midomo, vile viganja, zile kucha. Mmoja wa ndugu akaanza kusema maneno niliyoyajua. Nilimshika daktari mkono wa koti, nikamwomba aniambie, mbele ya binti yule, wekundu ule unatoka wapi.

Akasema moto wowote uliokosa hewa, wa mkaa au wa kuni, hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo inaweza kupenya hata kwenye ufa mdogo wa bomba. Mtu aliyelala huivuta asiamke, nayo huishika damu na kuiacha nyekundu hata baada ya kufa. Nikaukumbuka ule udongo mbichi pale bomba lilipoungana na tanuri; mama wa binti yule alifunga mlango tu.