Nilimpeleka bibi kuchanjwa homa ya mafua, bado akaugua. Nilivyojilaumu njia nzima hadi Mnyambe

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenipata mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Niko Masasi, natengeneza simu. Ufundi nimejifunzia mtandaoni.

Nina tatizo: kitu kisipokaa sawasawa kabisa, silali. Simu ya mteja naweza kuifungua upya kwa ajili ya skrubu moja tu.

Bibi yangu anaishi Mnyambe, kule Newala, na mama mdogo. Mwaka jana homa ya mafua ilimgeukia nimonia, akalazwa, akawekewa oksijeni. Nilikaa pembeni ya kitanda nikisikiliza kila pumzi. Sitaki kuyaona tena.

Nikasoma, nikaulizia, hadi nikapata kliniki yenye chanjo ya influenza, hiyo hiyo homa ya mafua, nikampeleka bibi. Nesi alinieleza vizuri: haizuii kila homa, ila inapunguza uwezekano wa mzee kuugua vibaya na kulazwa, na hurudiwa kila mwaka.

Nikaitikia, bibi akachanjwa. Kumbe nilisikia nilichotaka: bibi haugui tena. Nikamwambia hivyo, atulie.

Juzi, msimu huu wa kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga, mama mdogo akapiga simu.

"Bibi yako anakohoa, na ana homa."

"Si salfa hiyo?"

"Salfa inaleta homa, wewe?"

Nikafunga kibanda changu cha ufundi. Kwenye basi nilijisema vibaya sana. Akirudi kwenye oksijeni, mimi ndiye niliyemwambia atulie.

Nafika, bibi yuko mkekani anamenya mihogo, kitambaa cha pua begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu." Ndiyo utani wetu. "Mbona sura ya msibani? Nimekufa?"

"Bibi, na chanjo yote ile!"

"Ulitaka nisipige hata chafya?"

Bado nikampeleka hospitali, kwa umri wake sikutaka kubahatisha. Daktari akasikiliza kifua: kiko safi. Akampa dawa ya homa, akasema turudi haraka akianza kupumua kwa shida.

Haikufika huko. Siku chache tu, akaanza kunifokea nirudi kazini.

Nilitoka nje nikaegemea mkorosho, nikalia kwa raha. Shati likajaa unga wa salfa.

Hapo ndipo iliponiingia. Kila mwaka tunapulizia, na ubwiri unga, ukungu ule wa mikorosho, bado unagusa matawi mawili matatu. Hakuna anayesema salfa haifanyi kazi. Korosho tunavuna.

Sijui kama ilikuwa influenza yenyewe, hakupimwa. Na bibi mmoja si ushahidi, najua. Ila nimeacha kudai kinga isiyo na tundu. Nilichokuwa nataka ni asirudi kwenye oksijeni, na hakurudi. Mwakani nampeleka kuchanjwa tena.

Wenye wazee nyumbani, nyie mmefanyaje? Huko mliko chanjo inapatikana?

Bibi anawasalimu. Anasema msiogope sana, woga wote keshauchukua mume wake.