Kile Kikarton Nilitoa mu Motere

Mi njo nilikosa. Nianze na hapo, juu nikizunguka nitawachekesha, na mukicheka mutasahau kama mukosaji ni mi.

Jina langu siandike. Niko na miaka kumi na saba, ninasoma hapa Dilala, mu Kolwezi, na mu kalasi banijuaka kwa kitu moja tu: bongo. Ni kusema, uongo wa kuchekesha. Mwaka huu niliandika barua ya uongo ya mukubwa wa masomo, nikaipiga na muhuri niliyochonga mu kiazi: kila munafunzi alete kuku moja muzima kwa ajili ya mutiani wa biolojia. Batoto bane balikuja na kuku. Moja ilitaga mayai chini ya meza ya mwalimu.

Nilifukuzwa siku tatu. Nyumbani mama alinipiga na kiatu. Yaya, yeye, alicheka mpaka akakaa chini.

Yaya ni kaka yangu mukubwa, mutoto wa kwanza wa mama. Tangu papa alikufa, yeye njo ananilipia masomo, na alilipa na mikono yake. Miaka sita anashuka mu shimo kule Mutoshi, kuchimba kobalti na nyundo na taa ya kichwa. Mwaka jana udongo ulimufunika mpaka shingo. Benzake balimuchimbua kama muhogo. Siku ile mama alimushika mashavu:

"Mwanangu, shimo basi. Ukishuka tena, unichimbie na yangu pembeni."

Yaya aliapa. Alisema atanunua gari, atakuwa anabeba batu kutoka Kolwezi mpaka Likasi, atakula jasho ya shofere, hapana jasho ya panya. Munaelewa sasa? Gari ile haikuwa gari. Ilikuwa ngazi ya kutoka mu shimo.

Na mi njo nilikata ngazi. Mama we!

Siku ya Ijumaa tulienda kuiona. Yaya alinipeleka kwa sababu nilipitishaka likizo mbili mu garaji ya mujomba wa rafiki, kuosha vyuma na petroli. Kule nilifundishwa mambo ya konteri, ile saa ya kuhesabu kilometa. Unachomeka kamashini kadogo, unakunywa chai, unarudi: namba zimeshuka, gari muzee imekuwa kijana. Lakini fundi aliniambiaka: "Konteri ni mudomo, inasema inachotaka. Uangalie miguu na matako." Ni kusema pedali na kiti.

Muuzaji tulimuita Tata Marashi, ni kusema Baba Marashi. Shati nyeupe, viatu vya ncha, na gari yake ilinuka kama saluni siku ya ndoa. Alikuwa amemwaga marashi mpaka macho inatoa machozi. Viti bilivalishwa kitambaa kipya, nyekundu. Mi nikainua pembe moja ya kitambaa. Yo! Sponji nyeusi, yenye kulowana jasho ya batu nisiobajua, makombo ya mikate, na kucha. Kucha za mutu, zilizokatwa! Nikashusha kitambaa.

"Tata, gari hii ilikuwa ya nani?" Yaya akauliza.

"Ya masista, mwana. Masista banaendaka wapi? Kanisa na soko, soko na kanisa. Angalia konteri mwenyewe. Elfu makumi sita na nane. Bikira!"

Nikaangalia chini. Mpira ya pedali ya frein, ile breki, ilikuwa imelika mpaka chuma inaangaza. Nikasema:

"Tata, masista hao balikuwa banavaa viatu vya bachimbaji?"

Yaya akacheka. Tata Marashi akacheka kuliko Yaya, akaninunulia fanta. Na mi, mupumbavu, nilikunywa. Nilikuwa nimesema ukweli, ukapita kama kichekesho, na sikuurudilia. Nilipenda cheko.

Kisha Yaya na muuzaji bakaenda kuangalia makaratasi ya gari kwa kivuli. Mi nikabaki na motere, ile injini, ikiwa wazi. Nyuma ya batri, pale mukono unaingia kwa shida, kulikuwa kikarton, kipande kya karatasi ngumu, kimefungwa na waya. Kile mafundi banafungaka wakiisha kubadilisha mafuta, ile vidanji, kuonyesha gari ilifika kilometa ngapi. Kilikuwa cheusi, chenye kunata kama kamasi. Nikakipangusa na kidole.

Elfu mia mbili makumi tatu na moja.

Masista! Labda walikuwa wanaenda kanisani Roma!

Nitawaambia kweli, nilifurahi. Sikufikiri Yaya. Nilifikiri sikukuu. Mama alikuwa amesema franga haitoke mbele ya siku ya kwanza, ile Jumatatu, mpaka yeye mwenyewe aone gari. Nikajiambia: siku ya Mungu, ile Jumapili, tukiwa bote kwa meza, nitasimama juu ya kiti kama mutu wa serikali, nitasoma cheti ya kuzaliwa ya gari. Batakufa na kicheko!

Nikafungua waya. Waya nikautupa. Kikarton nikakiweka mu kaye yangu, daftari ya jografia.

Hapo njo kosa. Musitafute kwingine.

Siku ya Posho, ile Jumamosi, saa nane za mchana, nikasikia honi mu kiwanja. Yaya! Juu ya usukani! Tata Marashi alimupigia asubuhi, kusema kuna mutu wa Likasi yuko njiani na franga mu mufuko. Yaya akaogopa kupotewa, mama akakubali kwa simu. Imelipwa.

Kwetu gari haiingie mu kiwanja ikiwa kavu. Lazima kuilowesha: majirani banakuja, pombe na fanta zinafunguliwa, kidogo inamwagwa kwa kila gurudumu, bamama banaimba. Na muuzaji anakaa pa heshima. Tata Marashi alikaa mu kiti ya papa. Kiti ya papa wangu! Anakula kuku yetu, mafuta inamushuka mu pete.

Alikuwa pale. Franga bado labda mu mufuko wake. Ningemuvuta Yaya pembeni, nimuambie mu sikio, mambo ingeisha. Lakini hapana. Mi nilingojea bote bakamate glasi.

Nikapanda juu ya kiti, nikakohoa, nikafungua kaye.

"Bamama na batata! Gari hii inasema ni bikira wa elfu makumi sita na nane. Lakini hapa kuko cheti yake ya kweli. Bibi huyu ana elfu mia mbili makumi tatu na moja, na bajukuu!"

Kiwanja yote ikalipuka. Batu balicheka mpaka mama-jirani akamwaga pombe. Yaya anapangusa machozi: "Huyu! Huyu na kuku zake!"

"Yaya, hapana. Ni kweli. Ilikuwa mu motere."

"Kweli, kweli. Na muhuri ya kiazi uliweka?"

"Naapa na mama!"

Tata Marashi akasimama polepole. Akapangusa vidole, akakamata kikarton, akakigeuza. Niliona jicho yake ikikitambua. Kisha akacheka, akafungua motere yeye mwenyewe, mbele ya batu bote.

"Mwana, tuonyeshe pa ilikuwa."

Nikaonyesha. Nyuma ya batri. Hakuna kitu. Ata waya hapana.

"Aa, bazee, muone. Mu motere hakuna vidanji. Vidanji iko mu kaye ya jografia!"

Bakacheka tena, na sasa balikuwa banacheka mi. Akanirudishia kikarton. Akanirudishia! Juu alijua mu mukono yangu ile haina bei. Ikiwa imefungwa kwa batri, ni ushahidi. Ikiwa kwa mutoto wa kuku nne, ni bongo. Akakata muguu wa kuku mu sahani ya mama, akanitilia mu mukono, akanipapasa kichwa kama imbwa:

"Kula, komedien. Uko na kipaji."

Na nilikula.

Siku ile ninaikumbuka na ninasikia kutapika. Hapana juu yake tu, na marashi yake na pete zake zenye mafuta. Juu ya mi, na kuku mu kinywa, ninatabasamu ili batu basione haya yangu.

Juma mbili Yaya alikuwa mufalme. Asubuhi anaosha gari, jioni analetea mama mikate ya Likasi. Fundi moja alimuuliza kama alibadilisha mukaba wa motere, ule wa ndani. Yaya akaangalia konteri. Mukaba unabadilishwa kwa elfu mia moja, na yeye alikuwa mu makumi sita na nane. "Bado sana," akasema. Nilisimama pale. Nikafungua kinywa, na yeye akaanza kucheka mbele sijasema ata neno. Nikafunga kinywa.

Mu juma ya tatu, njiani, na batu sita mu gari, motere ilipiga "kaa!" na ikanyamaza. Hakuna aliyekufa, asante Mungu. Baliivuta na kamba mpaka garaji. Fundi akafungua, akatoa mukaba umekatika, umelika kama utumbo wa mbuzi. Vyuma vya ndani vyote vimepindana.

"Mwana, motere hii ni muzee," akamuambia Yaya. "Nani alikudanganya?"

Yaya akaja nyumbani na miguu. Sijamuona hivi, ata siku balimuchimbua. Akasimama mu mulango wa chumba yangu.

"Ile kikarton. Uko nayo?"

Nikamupa. Akaisoma muda murefu, kidogo namba, kidogo mi. Nilingoja kofi. Nilitaka kofi! Akasema tu:

"Siku ile ulikuwa unasema kweli."

"Ndiyo, Yaya."

"Na kwa nini uliitoa?"

Munajua jibu. Jaribu kulisema mbele ya mutu mwenye alikulipia kaye ile.

Tata Marashi? Namba yake haipite tena. Pale alikuwa anauzia magari, leo mutu anauza matofali.

Kisha mutu akaja kununua gari ile mbovu. Akasema tutie motere nyingine ya kuunga-unga, konteri tuirudishe tena, elfu makumi tano, tumuuzie mujinga wa Fungurume, tugawane. Yaya akamuambia atoke mu kiwanja. Akaiuza kwa fundi, bei ya chuma, na mbele ya kuitoa akaniita.

"Kuja. Rudisha pa ulitoa."

Nikafunga kikarton nyuma ya batri, na waya mupya. "Funga nguvu," akasema. Nikafunga nguvu. Kikanata kwa kidole kama siku ile nilikitoa.

Jumatatu iliyofuata, alitoa buti zake chini ya kitanda. Alimuambia mama amepata kazi Musonoi, kuosha mawe kwa maji, juu, kwa jua. Hapana kushuka. Mama akamuangalia. Alipoenda, mama akanigeukia mi:

"Ni kweli anaosha tu?"

Mi njo nafuaka nguo zake. Naona udongo wa chini, ule mwekundu, kwa magoti na kwa mabega, pale mutu anajikokotaka mu tundu. Maji haipakage mutu vile.

"Ndiyo mama," nikasema. "Anaosha tu."

Na aliniamini. Mi! Bongo yangu ya kwanza isiyochekesha mutu, na njo ile baliamini.

Basi, wewe mwenye kununua gari: uache konteri iseme yake. Uangalie pedali, uinue kitambaa, uingize mukono nyuma ya batri, ata kama unasikia kichefuchefu. Na wewe mwenye kuona kitu: usikitoe pa kiko. Usikihifadhi kwa sikukuu. Ita mwenye franga, aone na macho yake, kikiwa kimefungwa bado, mbele ya kulipa. Kucheka mutacheka kesho.

Mi sasa nikisikia harufu ya kuku ya kukaanga, natoka inje. Ule muguu, naapa, bado haujashuka.