Ukuta Alioubandika Baba

Wiki iliyopita, pale mtaa wa Utemini, nilipita karibu na nyumba iliyokuwa ikikarabatiwa. Fundi alikuwa akipaka rangi juu ya magazeti ya zamani yaliyobandikwa ukutani. Harufu ya karatasi iliyolowa ilinirudisha kijijini kwetu Mtinko, kwenye alasiri moja ya utoto wangu.

Magazeti ya kwetu aliyabandika baba kwa uji wa mtama. Alipofariki, mama hakuruhusu mtu yeyote ayaguse, hata mende walipoanza kuyatafuna. Ndiyo maana nilishangaa alasiri ile kumkuta akikoroga udongo mweupe kwenye ndoo. Akanipa kitambaa cha kupakia ukuta.

“Mama, tunapata wageni?”

“Paka tu, mwanangu.”

Nikapaka kwa furaha, nikiamini shangazi anaolewa. Bibi alikaa mlangoni akifuta macho, nikadhani ni vumbi la udongo. Mama alipofikia picha ya mtu na baiskeli, ambayo baba alipenda kunionyesha, aliiwekea kiganja kwanza, ndipo akaifunika.

Asubuhi lori lilikuja kutuhamishia kijiji kipya cha ujamaa, kwa amri ya serikali. Wanaume waliokuja nalo wakabomoa paa la nyumba yetu ya tembe. Sasa naelewa: kwetu maiti haitolewi nje kabla ya kuoshwa, na mama hakutaka nyumba ya baba ife chafu. Siku ile sikujua. Lori lilipoanza kuondoka nilimvuta mama khanga nikilia.

“Mama, turudi. Ukuta haujakauka.”