Wa Nne Kwenye Kamba

Ukitaka kumjua Isakwisa wa mwaka 1956, anza na filimbi. Ilikuwa ya shaba, ikining'inia shingoni kwa uzi mweusi, na mwenyewe aliisugua kwa majivu kila asubuhi kabla hata hajanawa uso. Kwao Tukuyu hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kuwa nyapara wa barabara, naye alipewa kazi hiyo akiwa na miaka ishirini na tisa tu. Basi kichwa kikavimba! Siku moja akiwa likizo Mbeya aliipuliza katikati ya soko bila sababu yoyote, watu wakaruka kando wakidhani ni askari. Aliisimulia habari hiyo mwezi mzima.

Mwaka ule alipelekwa kujenga daraja la magogo kwenye kijito kimoja cha njia ya Kalenga, karibu na Iringa. Alikuwa na watu ishirini na wawili. Watano walikuwa Wanyakyusa wenzake aliokuja nao, waliobaki Wahehe na Wabena wa hapohapo. Kuta za mawe zilisimama vizuri kila upande. Kilichobaki kilikuwa kuvusha magogo manne marefu na kuyalaza juu yake, nusu ya watu wakivuta kamba ng'ambo ya pili, nusu wakisukuma kwa mitaimbo huku, wote wakifuata filimbi ya nyapara.

Jumatatu gogo la kwanza likateleza likaangukia majini. Wakalitoa kwa jasho. Jumanne likaanguka tena, palepale!

Jumatano bwana mkubwa wa barabara akaja na gari lake. Alilitazama gogo lililolowa, akamtazama Isakwisa, akasema kwamba Jumamosi mchana lori la saruji lazima lipite hapo. Lisipopita, kikosi kinavunjwa, watu wote wanarudi makwao, na filimbi itatafutiwa shingo nyingine.

Isakwisa akawaka moto. Aliwaita watu wavivu, akawaita miguu ya kuku, akapiga filimbi mpaka mashavu yakamuuma. Usiku hakulala.

Alhamisi, wakati wa chakula, Juliana mpishi akamsimamia kichwani na mwiko mkononi. Alikuwa mjane wa Kihehe, mwenye ulimi usio na breki.

"Bwana nyapara, niseme au ninyamaze?"

"Sema, mama."

"Yule mzee Kalinga ndiye aliyeongoza kuvusha magogo ya kanisa la misheni, wewe ukiwa bado unachunga ndama. Unajua?"

Isakwisa akageuka. Mzee Kalinga, mwenye umri mkubwa kuliko wote kikosini, alikuwa amekaa peke yake kwenye jiwe, na sahani yake peke yake.

"Mbona hajaniambia?"

"Akuambie saa ngapi? Wenyewe walikuwa wanakula pamoja, sinia moja. Ukaja wewe ukawagawa, ukamtenga yeye kama mgonjwa wa ndui."

Mungu wangu! Isakwisa alidhani amemheshimu. Kwao mtu hula na rika lake. Kijana kumsogelea mzee kwenye chakula ni kukosa adabu. Ndiyo maana siku ya kwanza aliwagawa watu kwa umri, na kwa kuwa Kalinga hakuwa na wa rika lake, akampa sahani yake mwenyewe.

"Na lingine," Juliana akaendelea, maana alikuwa hajamaliza. "Ukishikwa na woga unapuliza hiyo filimbi mfululizo. Wa ng'ambo hawajakanyaga vizuri, tayari umepuliza. Watu wote wameona isipokuwa wewe."

Uso ulimchoma. Alitaka kukasirika, akatafuta hasira asiipate, kwa sababu aliikumbuka Jumanne: alikuwa amepuliza bila hata kuwatazama wa ng'ambo. Akachukua ugali wake, akavuka uwanja. Anyitike, mtu wa rika lake, akabaki na tonge hewani.

"Kamwene, baba," Isakwisa akasalimu kwa Kihehe, akaketi chini mbele ya mzee. Kisha akapaza sauti wote wasikie. "Jamani, gogo limeanguka mara mbili, nami nimelaumu miguu yenu. Kosa ni langu. Mimi nikiogopa nakimbiza watu. Mkiniona nimeanza, niambieni palepale."

Kalinga alitafuna taratibu, akameza.

"Kula kwanza," akasema. "Ugali unapoa."

Watu wakaangua kicheko, na sahani zikaanza kusogezwa moja moja mpaka zikakutana.

Ijumaa asubuhi filimbi ilikuwa shingoni mwa Kalinga, Isakwisa mwenyewe amemvika, ingawa mzee hakuipuliza hata mara moja. Yeye aliimba. Anatoa mstari mmoja, ananyamaza, anangoja watu wa ng'ambo wajibu kwa kukanyaga chini, puu! Hapo ndipo wanavuta. Isakwisa alishika kamba ng'ambo, wa nne kwenye mstari, matope yakimfika vifundoni. Gogo likatembea! Lakini lilipofika katikati likainama.

"Vuta! Vuta! Vuta!" Isakwisa akapiga kelele.

"Nyapara, umeanza!" akasema Didas, Mbena aliyekuwa mbele yake.

Isakwisa akafumba mdomo. Akajicheka mwenyewe huku ameshika kamba, akangoja sauti ya mzee. Mstari. Puu! Vuta. Gogo likakaa juu ya mawe, na watu wazima wakarukaruka matopeni kama ndama waliofunguliwa. Kabla ya jioni wakalaza la pili na la tatu.

Jumamosi asubuhi bwana mkubwa alipofika, gogo la mwisho lilikuwa katikati ya kijito. Akaitafuta filimbi kwa macho, akaiona shingoni mwa mzee mwenye mvi asiyemjua.

"Nyapara wenu yuko wapi?" akauliza.

Hakuna aliyeachia kamba. Kalinga alimaliza mstari wake, akangoja ile puu, akaona gogo limesogea, ndipo akageuka.

"Yule pale, wa nne," akasema. "Ila subiri kidogo, bwana. Tukimtoa huyo, hili gogo haliendi."