Meya Aliyeuza Mbao

Mwaka wangu wa pili London, nikifanya kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani, nilipangiwa mzee mmoja wa mtaa wa Edmonton, kaskazini mwa jiji, mzaliwa wa Kanada, ambaye macho yalikuwa yamekaribia kumtupa mkono kabisa. Asubuhi moja, nilipomaliza kumpa chai, aliniomba nimsomee barua za baba wa babu yake. Alizihifadhi kwenye mkebe wa biskuti.

"Nyumbani tuliambiwa alituaibisha," alisema. "Nataka kujua alifanya nini."

Mwandiko ulikuwa wa kulala na wino umefifia. Siku ya kwanza sikumaliza hata ukurasa mmoja. Lakini wiki baada ya wiki tukamfahamu mtu yule. Alifika akiwa kijana kwenye mji mdogo wa Kanada kando ya mto, akafungua kiwanda cha kupasua magogo, na baada ya miaka michache karibu kila nyumba mjini ilijengwa kwa mbao zake. Watu wakamchagua diwani, kisha meya.

Kiangazi kimoja moto ukazuka kwenye banda la farasi, ukateketeza mitaa mitatu kwa alasiri moja. Wote walijua nani angeuza mbao za kujengea upya. Yeye akasimama mbele ya baraza la mji, akapendekeza sheria: katikati ya mji pajengwe kwa matofali tu.

"Ngoja," mzee akanikatiza. "Si yeye ndiye muuza mbao?"

"Ndiye."

"Hebu soma tena."

Nikasoma tena. Alimwandikia dada yake kwamba jirani yao, mama mjane, hakuwahi kutoka nyumba yake iliposhika moto. "Mbao za nyumba ile nilizipasua kwa mikono yangu," aliandika.

Wafanyabiashara wenzake wakamgeuka, na vibarua wake wakahofia kazi zao. Uchaguzi uliofuata alishindwa vibaya, wala hakugombea tena. Sheria yenyewe ilikuja kupitishwa baadaye, na meya mwingine.

Machozi yalimtiririka mzee. Nilijua nimechelewa kwa mgonjwa wangu mwingine, lakini sikuweza kuinuka.

"Kumbe aibu yenyewe ndiyo hiyo," alisema mwishowe.

Jumapili ile alimwita binti yake, nikazisoma zote upya. Miezi michache baadaye mzee alifariki. Mazishini binti alisimulia habari za moto na matofali, nami, nikiwa nimekaa nyuma, nikawa namsahihisha kimoyomoyo kila alipokosea.