Vioo vya Gari la Babu

Sabuni ya mawese siwezi kukaa nayo chumba kimoja. Watu hapa Ujiji huipenda kwa povu lake; mimi nikiinusa, hasa ikichanganyika na harufu ya mpira mpya, narudi uani kwa Bibi. Nimekaa ndani ya gari lisilo na viti, nimeshika ncha za kamba, na mama yuko nje ananiambia nisivute kwanza.

Lilikuwa gari la marehemu babu, kombi ya zamani, ile yenye vioo viwili mbele na nguzo katikati. Babu alilitumia kubebea abiria kati ya Ujiji na Kigoma mjini mpaka injini ilipokufa, na yeye mwenyewe hakukaa sana baada ya hapo. Gari likabaki uani, kuku wakaligeuza banda lao. Mama alipoachika, akarudi kwao nami nikiwa nimeanza shule, tulikuta mpapai umeota karibu na mlango wake, umeshaanza kuzaa.

Nyumba ile ililishwa na mjomba Shabani, kaka mkubwa wa mama. Asubuhi moja, akinywa chai, alisema, "Mwajuma, hicho chuma kinatuzibia ua. Kichukue, ukifanye unavyotaka."

Bibi alikuwa ameketi hapo hapo akichambua maharage. "Haya, umesikia," akamwambia mama.

Mama alisikia kweli. Alikwenda Rusimbi kumtafuta fundi Kabwe, mzee aliyekuwa akilitengeneza gari hilo enzi za babu. Fundi akashika injini. Bodi akamwachia mama baada ya kuona mkono wake. Alisugua kutu kwa msasa hadi vidole vikachubuka. Wake za mjomba walimcheka, wakimwita fundi sketi, naye akawa anaitika.

Kilichomtesa ni fremu za vioo. Chuma cha chini kilikuwa kimeliwa chote, ikabidi kikatwe na kuchomelewa kingine. Fremu ikikubali upande huu, upande wa pili inakataa. Anaitoa, anapiga tupa kidogo, anairudisha, anaitoa tena.

"Usiilazimishe," fundi alimwambia. "Ukiilazimisha hapa, kioo kitakupasukia njiani."

Vioo vyenyewe vilikatwa mjini, na ili avipate mama aliuza cherehani yake.

Siku ya kuvipachika alipaka sabuni ya mawese mpira wote unaozunguka kioo, akapitisha kamba kwenye mfereji wa mpira huo, akainua kioo na kukikandamiza kwa viganja kutoka nje. Mimi ndani nikavuta kamba taratibu, na mdomo wa mpira ukawa unaruka ukingo wa chuma kidogo kidogo. Cha pili kilipokaa sawasawa, mama aliegemeza paji la uso kwenye kioo akacheka, pumzi yake ikaacha ukungu kati yetu. Alikuwa ameshaniambia mipango yake: kuweka dereva, kuleta mawese kutoka Simbo, kisha tuhamie chumba chetu wenyewe, ambako hakuna mtu wa kutuhesabia vipande vya samaki.

Ijumaa iliyofuata, watu walipotoka msikitini, mjomba alikuja na rafiki yake dereva. Akalizunguka gari, akagonga kioo kwa ukucha.

"Kazi nzuri," akasema. "Lete ufunguo."

"Ufunguo wa nini, kaka?"

"Gari la baba hili. Tangu lini mtoto wa kike akarithi gari mbele ya kaka zake?"

Mama hakupandisha sauti. "Ulinipa kwa mdomo wako." Akamgeukia Bibi barazani. "Mama, si ulikuwepo? Si ulisikia?"

Bibi alijifunga upya kanga yake, ingawa haikuwa imelegea. "Mimi nimezeeka, Mwajuma. Sikumbuki."

Bibi huyo huyo aliyeweza kukutajia nani alileta nini kwenye arusi ya nani, Ujiji nzima.

Mama aliweka ufunguo mkekani, mbele ya Bibi, si mkononi mwa mjomba. Akaingia ndani kupika. Gari lilibeba abiria mpaka Bangwe, likawa linatupita pale barabarani mama alipoanza kuuza samaki, migebuka ya kukaanga. Halafu mjomba akaliuza kwa mtu wa Kasulu.

Nilikuwa msichana mkubwa Bibi alipopooza. Wake za mjomba walichoka kumgeuza, na mama akamleta kwenye chumba tulichopanga. Mchana mmoja, mama akimlisha uji, Bibi alimshika kiganja.

"Nilisikia," akasema, nusu ya mdomo haimfuati. "Siku ile, Mwajuma. Nilisikia. Shabani angenitupa."

"Najua, mama. Fungua mdomo."

Nilitokwa na machozi pale mlangoni. Niliwasimulia rafiki zangu kwamba mama yangu ana moyo wa kusamehe usio na mfano, na kwa miaka mingi niliamini hivyo.

Sasa nina umri aliokuwa nao mama mchana ule, nami naona ambacho sikukiona wakati huo. Hakumjibu zaidi, hakumfuta Bibi machozi, hata hakumtazama. Alitaka uji uishe awahi samaki zake. Maneno yale aliyahitaji siku moja tu, na siku hiyo ilikuwa imeshapita.